Tulienda Bahi kama tunapaa, tukarudi juu ya kenta. Sasa mke wangu hataki hata kuiona baiskeli

Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, miaka 36, nina mke na watoto wawili, nakaa Miyuji. Mwaka jana nilijichanga nikanunua baiskeli ya resi ya mtumba kutoka Dar, ile yenye usukani uliojikunja na tairi nyembamba, na toka siku hiyo kaka sijawahi kulala vizuri Ijumaa usiku maana nawaza kesho asubuhi ntaelekea wapi. Tuko wanne, wawili ni walimu wenzangu, mmoja ni fundi umeme. Kilomita 40, 50 kwenda na kurudi tulishazoea, tukaona tuongeze.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa tukaamua Bahi. Tulitoka mjini saa mbili asubuhi, tukapita Nala, yaani kaka siku ile nilijua nimezaliwa kwa ajili ya kitu hiki. Sijawahi kukimbia vile. Kuna sehemu hatukanyagi kabisa na baiskeli inakwenda, saa nne kasoro tuko Bahi tunaagiza wali na samaki, tunapiga picha, tunaambiana kumbe Manyoni ni hapo tu. Tulipogeuza ndo tukaona. Upepo unatupiga usoni, ukiacha kukanyaga sekunde mbili baiskeli inasimama, jua limeshapanda, maji nilikuwa na chupa moja ndogo nikaimaliza kabla hata ya kilomita 15. Fundi umeme akatapika. Mimi miguu ikakaza, paja la kulia likawa gumu kama mti, nikakaa chini pembeni ya barabara siwezi kunyoosha wala kukunja. Simu imeisha chaji. Mwishowe tukasimamisha kenta iliyobeba mchele, tukapakia baiskeli juu ya magunia, nimefika nyumbani saa kumi na mbili jioni nimejaa chumvi usoni. Mke wangu alikuwa ameshampigia simu mpaka mama yangu Kilosa. Hakunigombeza, na hiyo ndo inaniuma zaidi, alikaa kimya siku tatu, ya nne akasema baba fulani, mimi sijaolewa nije kuwa mjane kwa sababu ya baiskeli.

Sasa yule fundi umeme anasema tatizo lilikuwa maji tu, tubebe maji ya kutosha twende Manyoni na kurudi siku moja, mwisho wa mwezi wa kumi. Mimi roho yangu iko upande wa Kongwa, kwenye vile vilima vya nyasi ambavyo ukipita na basi unaona barabara inapanda na kushuka mpaka inapotelea, nilikuwa natamani tufanye mzunguko, tusirudi njia ileile. Mwenzetu wa nne anasema tuzunguke ringi rodi basi yaishe. Na nyumbani sijui naanzia wapi kuongea. Naomba uniambie ukweli, niache au niendelee, na kama ni kuendelea tupangeje?

Mwalimu wa Miyuji

*

Marahaba mdogo wangu. Pole, na nashukuru umeandika kila kitu mpaka saa mliyotoka, maana bila hiyo saa mbili nisingeweza kukusaidia vizuri. Usiache. Ila safari ya Manyoni waambie wenzako imekufa, na nitakueleza kwa nini ili ukawaambie wewe mwenyewe kwa maneno yako.

Rafiki yako anasema tatizo lilikuwa maji. Maji ni kweli, ila maji ni la pili. La kwanza ni kwamba mlianza safari mkiwa mmegeuzia upepo mgongo, na huku kwetu anayefanya hivyo anakula mshahara kabla ya mwezi kuisha. Wewe mwalimu, wafundishe hivi: pepo zetu ni mbili, kusi na kaskazi. Kusi inavuma kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa kumi, inatokea kusini mashariki. Kaskazi inashika kuanzia mwezi wa kumi na moja kuelekea wa tatu, inatokea kaskazini mashariki. Umeona kitu hapo? Zote mbili zinatoka upande wa mashariki. Yaani kwa mtu wa baiskeli aliyeko Dodoma upepo karibu mwaka mzima unatokea upande wa Chamwino unaelekea upande wa Bahi, na mtu akikwambia amekimbia sana kwenda Bahi usimsifu mpaka umuone amerudi.

Halafu weka na mteremko. Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, Bahi iko chini kwenye bonde, kama mita 830. Mlishuka karibu mita 300 huku mnasukumwa. Hayo ndo yaliyokufanya uone umezaliwa kwa ajili ya kitu hiki (na inawezekana ni kweli umezaliwa kwa ajili yake, ila siku ile haikuwa ushahidi). Kurudi mkapanda zile mita 300 mnapingwa na upepo, saa ambayo upepo ndo unakuwa mkali, maana asubuhi ardhi ikiwa imepoa upepo unakuwa mpole, jua likishachemsha ardhi ndo unaamka. Sasa Manyoni. Kutoka Bahi kwenda Manyoni lazima upande ukingo wa Bonde la Ufa, Manyoni iko zaidi ya mita 1,200. Kwa hiyo mtashuka, mtapanda, mtageuza, mtashuka tena, halafu kipande cha mwisho, kilomita zaidi ya 50 za kuanzia Bahi mpaka nyumbani, ni palepale paliposhika paja lako, na safari hii mtafika pale mkiwa mmeshakanyaga kilomita karibu 200. Mwezi wa kumi, mwezi wenye jua kuliko karibu mwaka mzima. Lita kumi za maji hazitatatua hilo.

Kwa hiyo huku kwetu mzunguko haupangwi kwa kilomita, unapangwa kwa upepo na maji. Kilomita zinafuata.

Kuhusu ringi rodi, mwenzenu wa nne hajakosea kabisa. Ile barabara ya mzunguko wa nje ina kilomita 112.3, njia nne, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu inarudi Nala, kwenye ramani ni duara zuri kabisa. Kwa mazoezi ya asubuhi kwenye kipande chenye lami iliyokamilika sina neno, mimi mwenyewe naipenda. Ila kumbuka imejengwa ili malori ya kwenda mikoani na nchi jirani yasipite katikati ya mji, kwa hiyo ndiko malori yanakopelekwa. Na ni peupe. Sehemu ndefu hakuna kibanda, hakuna mti, hakuna mtu wa kumuomba maji. Kwa watu ambao mwezi uliopita waliishiwa maji kwenye barabara yenye vijiji, sio pa kuanzia.

Pa kuanzia ni Mvumi. Najua moyo wako uko Kongwa, tutafika huko, ila nisikilize. Tokeni mjini kwa barabara ya Morogoro, pita Ihumwa, tafuteni njia panda ya Kikombo mkate kulia, mwende Kikombo, mshuke Mvumi, kutoka Mvumi mrudi kwa barabara inayokuja kutokea Ntyuka. Inategemea mnaanzia wapi na mtachagua vinjia gani huko kati, ila hesabu kilomita 80 mpaka 100. Ni vilima kweli, sio milima ya kukatisha tamaa, ni ile panda shuka, panda shuka, mawe makubwa yamepandana kama mtu aliyapanga, mibuyu imesimama haina jani hata moja, na ukiwa juu ya kilima unaona barabara yako yote ya mbele mpaka nusu saa ijayo. Ni mzunguko, hamrudii njia. Na la muhimu kuliko yote, upepo mnaupokea asubuhi wakati haujaamka, mkielekea mashariki mkiwa na nguvu na tumbo lina chai, halafu kuanzia Mvumi kurudi Ntyuka mnaelekea kaskazini magharibi, kusi iko nyuma yenu, inawasukuma nyumbani wakati mmechoka. Uleule upepo uliowapakia kwenye kenta. Mkizunguka kinyume, yaani mkaanza na Ntyuka, mtamaliza na barabara ya Morogoro saa tano saa sita. Mtakuwa na upepo mgongoni hapo mwisho ni kweli, ila mtakuwa katikati ya mabasi na malori mkiwa hamna akili ya kutosha, na mimi mtu aliyechoka simpeleki kwenye ile barabara. Asubuhi ya Jumamosi pako afadhali, siku za kazi hapana, magari ya watumishi wa serikali wanaofanya kazi Mtumba yanaanza mapema.

Njiani kuna vipande vya vumbi, kwa hiyo tairi zako nyembamba ziangalie. Kama fremu inaruhusu weka nene kidogo, za upana wa milimita 32 zingekuwa safi, kama hairuhusu basi usijaze upepo mpaka tairi inalia kama chuma, kwenye kokoto utarushwa tu. Alhamisi kabla ya safari ulizeni madereva wa bodaboda wa Ntyuka hali ya barabara, wao wanapita kila siku na hawadanganyi kwenye hilo. Msiende mvua ikiwa imenyesha, maana haya makorongo yetu makavu yenye mchanga yanaweza yakajaa kwa saa moja hata kama juu yako hakuna wingu.

Sasa miiba. Hapa nikae kidogo maana naona watu wengi wanabeba viraka na hawajui kutafuta mwiba. Mbigili za Dodoma na miiba ya migunga haichomi ikatoka, inachoma inakatikia ndani ya tairi. Unaziba tyubu vizuri kabisa, unajaza upepo, kilomita mbili imelala tena, unalaumu solusheni. Ukitoa tyubu, chukua kitambaa laini au soksi, kipitishe taratibu ndani ya tairi kuzunguka yote, pale kitakaponasa ndo mwiba uko hapo, unakuta kincha kidogo kama ncha ya sindano, cheusi, hakionekani kwa macho. Kidole usitumie, kitakatwa. Usukume kutokea nje, au uvute kwa koleo ndogo au kwa meno. Halafu endelea kuzungusha kitambaa mpaka umalize, maana mara nyingi iko miwili. Kila mtu abebe tyubu mbili nzima, viraka, na pampu angalau mbili kwenye kundi, sio moja, niliwahi kuona kundi zima limekaa chini ya mbuyu saa tatu kwa sababu pampu moja imekatika mpini.

Maji. Mtu anayekanyaga kwenye jua hili anahitaji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa. Chupa mbili kubwa za kwenye fremu ni lita moja na nusu, kwa hiyo una saa mbili, ukiongeza ubahili saa tatu, sio zaidi. Kwa hiyo gawanya safari kwa saa mbilimbili na kila mwisho wa saa mbili pawe na duka. Mnajaza Ihumwa hata kama chupa hazijaisha, mnajaza Kikombo, mnajaza Mvumi. Usipite duka ukisema litakuja lingine. Beba pakiti mbili za ORS za duka la dawa, moja changanya kwenye chupa ya kuanzia Kikombo. Ile chumvi uliyofika nayo usoni ilitoka mwilini na hukuirudisha, unategemea paja lifanye nini? Na kula kabla hujasikia njaa, kila saa kitu, ndizi mbivu, chapati, karanga na kashata mfukoni. Wali na samaki mzito kama ule wa Bahi subirini mpaka mfike nyumbani, yule aliyetapika nadhani ameshaelewa.

Muda: tairi ziwe zinazunguka saa kumi na mbili asubuhi, taa nyuma na mbele. Saa tano mwe mmeshatoka Mvumi. Asubuhi mkielekea mashariki msishindane, pangeni mstari, wa mbele anakata upepo dakika tano anarudi nyuma, aliye nyuma yake anapunguziwa kazi karibu robo nzima, ila hilo lifanyeni pale tu barabara iko wazi na mnaona mbali, malori mawili yakija kupishana hapo mlipo shukeni kwenye lami kabisa, mwacheni apite, msibishane na mtu mwenye tani thelathini. Na jizoezeni kuangalia bendera. Kila shule, kila ofisi ya kijiji ina bendera, ukiiona imelala unajua mambo bado, ukiona imenyooka inapiga makofi unajua nusu saa ijayo utahitaji gia ndogo na chupa karibu.

Mkifika Mvumi msalimieni watu, semeni mbukwenyi, salamu ya Kigogo, msiwe kama watu waliodondoka kutoka angani na miwani myeusi. Kule kuna hospitali, kuna maduka, na utashangaa mtu mmoja mliyemsalimia atakavyowasaidia siku mnyororo umekatika.

Sasa mke wako. Mdogo wangu, hapa nitaongea kama kaka. Yeye hakuogopa baiskeli. Aliogopa simu iliyozimwa kuanzia mchana mpaka jioni. Kwa hiyo usimwendee na maneno ya nitakuwa makini, ameshasikia. Kaa naye jioni watoto wakiwa wamelala, chukua karatasi, mchoree njia. Mwandikie: Ihumwa saa moja na nusu, Kikombo saa tatu, Mvumi saa nne na nusu, Ntyuka saa saba mchana. Kila kituo unapiga au unatuma meseji, simu mbili kwenye kundi ziwe hazitumiki kwa picha wala muziki, ni za kazi hiyo tu. Mwandikie namba za wenzako watatu na namba ya bodaboda mmoja wa Ntyuka mliyekubaliana naye kabisa, na mpe saa: ikifika saa nane sijapiga, mtume huyu. Hapo unampa kitu cha kufanya, hakai tu akisubiri mlango ugongwe. Na mwombe msamaha kwa ile siku, moja kwa moja, bila kueleza upepo. Upepo nimekueleza wewe, yeye haumhusu. Akisema bado hapana, heshimu, subiri mwezi, endelea na kilomita zako 40 na uwe unarudi saa uliyosema. Mama yako Kilosa naye mpigie, maskini.

Kongwa nimekuachia mwisho kwa sababu naipenda na sitaki muiharibu. Kutoka mjini mpaka Kongwa ni kama kilomita 85 hadi 90, unakwenda mpaka Mbande kisha unaingia kulia, na yote ni kuelekea mashariki, kwa hiyo upepo usoni mwanzo mwisho. Hiyo sio ya siku moja kwa watu wa kiwango chenu. Ni ya siku mbili: Jumamosi mnakwenda taratibu, mnalala gesti Kongwa, Jumapili mnarudi mnasukumwa. Ile ya kuzunguka kwa Mpwapwa ni nzuri kwa mwenye siku tatu, ila kutoka Mpwapwa ukitaka kurudi bila kupita Kongwa unaingia njia za kufuata reli, Gulwe, Msagali, ambazo ni za tairi nene, resi yako itakufia.

Na msiende mwezi wa kumi. Nendeni mwezi wa tano mwishoni au wa sita mwanzoni, mvua zetu zinakuwa zimeisha toka wa nne, baridi ya asubuhi inakata kidogo, nyasi za Kongwa bado zina rangi, vile vilima unavyoviona kwenye basi vinakuwa vya kijani kinachoelekea dhahabu, mifugo imetawanyika mpaka macho yanapoishia. Hapohapo Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta wakitaka kulima karanga nchi nzima ile, wakaangalia ukubwa wa eneo, mvua hawakuipigia hesabu, na udongo ule ukikauka unakuwa kama zege, 1951 mradi ukafutwa. Mimi nikipita pale na baiskeli huwa nasimama kidogo, nakunywa maji, naangalia lile eneo.

Kwa hiyo panga hivi: wiki tatu zijazo Jumamosi kilomita 50, 60 upande wa Ihumwa tu, mkitoka saa kumi na mbili, mzoee kupokea upepo asubuhi. Halafu Mvumi. Halafu mvua zikipita ndo uniulize tena kuhusu Kongwa, nitakuelekeza wapi pa kusimama kunywa chai. Na mkirudi kutoka Mvumi niandikie kipande cha vumbi cha baada ya Kikombo mmekikuta vipi, kuna watu wengine wawili wameniuliza njia hiyohiyo na nataka niwajibu kwa uhakika.